Mtu wa Kubuni

Siku ya maonyesho Kidoti hakukalika. Alikaa akasimama, akasimama akatembea, akaenda dirishani kama mtu aliyeitwa, akarudi kama mtu aliyekuta hakuna aliyemwita. Picha kubwa ya ukuta wa katikati alikuwa ameshaihamisha mara tatu: mara ikae karibu na mlango, mara ikae pembeni penye kivuli, mara irudi palepale ilipoanzia.

"Wewe binti, picha haina miguu," alisema mkutubi, mama wa makamo aliyempa ukumbi wa maktaba kwa wiki nzima bila kumuuliza ana cheti gani. "Haitatoroka. Kaa chini."

"Siwezi, mama. Nikikaa nahisi kama kiti kina moto."

"Basi nenda kanawe. Una rangi ya bluu sikioni."

Hiyo ndiyo asili ya jina lake. Tangu utotoni hajawahi kuonekana bila alama ya rangi mahali fulani mwilini, basi mtaa ukambatiza Kidoti, na hata mama mzazi akalisahau lile la kwenye cheti cha kuzaliwa. Kuchora hakufundishwa na mtu. Baba yake alikuwa fundi rangi wa nyumba, na kila jioni alirudi na makopo yenye masalia. Binti akiwa bado hajang'oka meno ya utoto, akachovya kidole akamchora shangazi yake ukutani, nyuma ya mlango wa jikoni, mdomo wazi na mkono kiunoni. Mama akatafuta ufito. Baba akautazama ule ukuta, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Mchape, ni haki yako. Lakini usifute."

Sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita. Mchana alishona mapazia kwenye karakana ya mtaa wa pili, na vipande vizito vilivyobaki ndivyo vilivyokuwa turubai zake. Alichora vitu viwili tu maishani: watu wa kwao, na mji wao. Baba amelala na redio kifuani. Mama anakunja mashuka, ncha moja kaishika kwa kidevu. Mapaa ya mabati baada ya mvua. Nguo za watu zikipepea kwenye ghorofa kama bendera za nchi zisizojulikana. Mji ule aliupenda kama unavyompenda ndugu mwenye kelele: ukiwa naye unamlalamikia, akikosekana nyumba inapwaya.

Lakini kilichomnyima raha siku ile ni ile picha ya katikati.

Aliiita "Jumapili Mezani". Wote walikuwamo: baba, mama, shangazi, na yeye mwenyewe akimimina chai. Na kwenye kiti cha karibu na dirisha alikaa mwanamume aliyekunja mikono ya shati, anacheka, kiganja chake kimelala mezani karibu sana na kiganja cha Kidoti.

Kiti kile kilikuwa cha kaka yake. Kaka alikuwa fundi rangi kama baba, na alikuwa akifanya kazi pamoja na baba siku aliyoanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao, ghorofa ya nne, asubuhi tulivu isiyo na hata upepo wa kulaumiwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyekikalia kiti kile. Na tangu siku hiyo mama alitembea mjini macho chini, kama mtu aliyedondosha sindano, asije akaona jengo refu.

Na huyo mwanamume aliyechorwa alikuwa mwendesha kreni.

*

Walikutana kwa ugomvi. Kidoti alikuwa na desturi ya kupanda juu ya paa la nyumba waliyopanga, auchore mji kutoka pale. Siku moja akakuta mbele yake kuna jengo linaota. Kila wiki linaongeza ghorofa, kila wiki linammezea kipande cha mji: leo mnara wa saa, kesho kona ya soko. Juu yake kuna kreni ya manjano, na ndani ya kibanda cha kreni kuna mtu anayempungia mkono.

Siku ya tatu ya kupungiwa, mtu huyo alimngojea chini barabarani. Wenzake walimwita Kipanga. Alitembea polepole, kama mtu asiyeiamini ardhi.

"Wewe ndiye unayenichungulia kila jioni?" aliuliza.

"Nikuchungulie wewe? Wewe ndiye umenizibia mji wangu!"

"Aa." Alifikiri kidogo, bila kuudhika. "Basi niambie kilichozibwa ni nini. Mimi huko juu nakiona. Nitakusimulia, wewe uchore."

Na kweli alimsimulia. Kila jioni akishuka alimweleza mnara ulikuwa na rangi gani saa za jua kali, njiwa walikaa upande gani, nani alikuwa anagombana na nani sokoni. Kidoti alichora kwa macho ya yule mtu, na bila kujua ni lini, akaanza kumchora yeye mwenyewe.

Sasa jengo lilikuwa limekwisha. Kreni inashushwa, na kampuni inampeleka Kipanga mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Alikuwa amemwomba: "Twende wote. Nije kwenu nijitambulishe, tufunge ndoa, twende." Kidoti akamjibu jibu la mwoga: "Subiri maonyesho yapite." Nyumbani hakusema neno. Angeanzaje? Amwambie mama aliyemzika mtoto aliyeanguka kwamba moyo umependa mtu anayeshinda mawinguni? Basi akaona heri picha imsemee. Waione, waulize, naye atajibu.

Ndivyo alivyopanga.

*

Shangazi ndiye aliyetangulia kuingia, sauti yake ikimtangulia yeye.

"Jamani, ukumbi wote huu ni wa mtoto wetu? Haya, niko wapi mimi?" Akajikuta upesi. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. "Kidoti! Mbona umenipa kidevu cha pili?"

"Shangazi, si unacho?"

"Ninacho nyumbani kwangu! Si hadharani!"

Baba alipita taratibu, kiganja kikielea karibu na kila picha bila kuigusa, kama alivyozoea kupima kama ukuta umekauka.

"Kijivu hiki umekipataje?"

"Nyeusi ya mlango na nyeupe ya dari, baba."

"Mm." Kwa baba, hiyo "mm" ilikuwa hotuba.

Mama alifika wa mwisho mbele ya picha ya katikati. Alikuwa amevaa gauni lake la zambarau, lile la shughuli. Alijitazama kwenye picha, akatabasamu. Akamtazama mumewe, akatabasamu. Halafu macho yakafika dirishani, yakakwama. Kidoti alimwona mama akishika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Hiki ni kiti cha mwanangu," alisema mama.

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu.

"Mama..."

"Hiki ni kiti cha mwanangu, Kidoti. Huyu ni nani?"

Hapo ndipo pa kujibu. Maneno alikuwa nayo, ameyakariri akishona, ameyakariri akioga. *Mama, huyu ndiye ninayempenda.* Lakini aliutazama uso wa mama yake, na yale maneno yakamkimbia kama kuku walioona mwewe.

"Ni mtu wa kubuni tu, mama," alisema. "Hayupo."

"Hayupo?"

"Hayupo. Nilihitaji mtu wa kujaza nafasi."

Akasikia kiatu kikilia nyuma yake. Aligeuka.

Kipanga alikuwa amesimama mlangoni. Amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani, nywele zimechongwa, na kwenye paji la uso ule mstari wa kofia ngumu usiotoka hata kwa sabuni. Macho yao yalikutana. Alikuwa amesikia yote. Alimwinamia mama kidogo kwa heshima, kama mtu aliyekosea nyumba, akageuka akaondoka.

Shangazi alitazama mlango. Akatazama picha. Akatazama mlango tena.

"Mtu wa kubuni!" alisema. "Mbona ana viatu vinavyolia?"

*

Kidoti alikimbia. Nyuma yake alisikia mama akimwita, kwa ile sauti ambayo maisha yake yote ilikuwa ikimrudisha, safari hii isimrudishe. Aliruka ngazi za maktaba, akavuka barabara katikati ya honi, akapita maduka ya vitambaa, akapita mafundi viatu waliokuwa wakimjua na kumuuliza, "Vipi tena, Kidoti, nani anakufukuza?" Mji wote ulionekana kumkalia njiani. Kila kona aliyowahi kuichora ilimsimamisha kidogo, kama watu wanaotaka salamu.

Alijua atamkuta wapi. Kwenye lango la jengo mlinzi alimzuia.

"Bila kofia huingii, dada. Wanashusha vyuma."

"Niitie Kipanga. Nakuomba."

Alikuja baada ya kitambo, shati jipya limeshavaliwa fulana ya kazi juu yake. Akasimama upande wa pili wa lango la nyavu za chuma. Hakulifungua.

"Umefuata nini? Mtu mwenyewe hayupo."

"Nisamehe."

"Nimesamehe. Asiyekuwapo hawi na kinyongo."

"Usinifanyie hivyo."

"Nani kamfanyia nani?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyomchoma Kidoti zaidi. "Nilijua leo wazazi wako watakuwapo. Shati hili nimelinunua kwa ajili ya mama yako. Asubuhi nzima niko kwa kinyozi, namwambia anipunguze vizuri, naenda kwa wakwe. Nimekaa mbele ya kioo najifundisha salamu. Mtu mzima! 'Shikamoo mama, shikamoo baba, mimi ni fulani.' Watu wananicheka. Nafika, nasikia mimi ni wa kujaza nafasi."

"Nilimwogopa."

"Mama yako? Anang'ata?"

"Kuna kitu sikukuambia." Kidoti alishika nyavu kwa vidole. "Kaka yangu."

"Uliniambia aliugua."

"Hakuugua. Alikuwa juu, anapaka rangi. Akaanguka."

Kelele za vyuma nyuma yake ziliendelea, lakini Kipanga alikuwa kama hazisikii tena. Alivua kofia.

"Kutoka juu?"

"Kutoka juu. Mama hainui macho mjini mpaka leo. Ukimwambia kuna jengo jipya anabadilisha njia. Sasa mimi nimwambie nini? Mama, nimekuletea mwingine wa hukohuko?"

"Na kwenu umesema nafanya kazi gani?"

"Kwetu sijasema kama upo."

"Kwa hiyo wao hawanijui mimi, na mimi simjui kaka yako. Umetudanganya pande zote mbili."

"Nilikuwa nawalinda."

"Ulikuwa unajilinda wewe, Kidoti."

Machozi yalimtoka Kidoti bila kelele, akayafuta kwa kiganja, na kile kiganja kikaacha rangi shavuni.

Kipanga alinyoosha kidole kupitia nyavu, akaigusa ile alama, akakirudisha upesi kama aliyeungua.

"Keshokutwa nasafiri," alisema. "Sitaki kuondoka na kitendawili. Niambie leo, hapahapa. Unakuja, huji?"

Kidoti aligeuka akautazama mtaa. Mwanamke mmoja alikuwa akikung'uta mkeka ghorofani, vumbi likimshukia mzee wa chini aliyekuwa akifoka. Mabati yaling'aa. Mahali fulani mtoto alipiga chuma kwa chuma, tena na tena, bila sababu. Aliusikia mji ukipumua, na moyo ukamgawanyika vipande viwili, kila kipande kikilia chake.

"Siji," alisema.

Kipanga alifumba macho.

"Siji sasa. Ningekudanganya na wewe tena, na leo nimechoka kudanganya. Nikija kwa kuogopa kukupoteza, nitakaa huko nimenuna, nakulaumu kwa kila jioni ninayoikosa hapa. Utanichoka kabla rangi haijakauka. Lakini nakupenda, Kipanga. Nimekuweka mezani kwetu kabla hujaalikwa. Mkono wangu ulijua kabla yangu."

Kipanga aliivaa tena kofia yake.

"Si jibu zuri," alisema hatimaye. "Lakini ni la kweli. Ndilo la kwanza la kweli leo."

Akafungua komeo la lango. Hapo teksi, iliyoelekezwa njia na wale mafundi viatu, ikasimama nyuma yao kwa mguno wa breki, na shangazi akasikika kabla mlango haujafunguka: "Ndiye huyo! Si nilisema? Ndiye huyo mwenyewe!"

*

Mama alishuka wa kwanza. Baba alijaribu kumshika mkono, akautoa. Akaja mpaka langoni, macho chini kama kawaida yake, akasimama mbele ya viatu vya Kipanga. Alivitazama viatu. Halafu, polepole, kama mtu anayefungua chumba kilichofungwa miaka, mama aliinua uso: magoti, kifua, uso wa kijana, kisha juu yake, ghorofa kwa ghorofa, mpaka kwenye kreni ya manjano iliyosimama mbinguni.

Baba alimsogelea mkewe kwa nyuma, tayari kumdaka.

"Unapanda kule?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kila siku?"

"Kila siku ya kazi."

"Unajifunga?"

"Najifunga, mama."

"Nionyeshe."

Kipanga aliingia ndani akatoka na mkanda wake wa kazi. Akauvaa pale langoni mbele ya ukoo mzima na mlinzi: mabegani, kifuani, mapajani, kifungo baada ya kifungo. Mama alishika kamba ya begani akaivuta kwa nguvu zake zote. Kijana akayumba. Akavuta tena. Halafu vidole vyake vikabaki palepale kwenye kamba, vinaipapasa.

"Mwanangu hakujifunga," alisema. "Alimwambia baba yake, 'Ni dakika moja tu.'"

Baba aligeuza uso. Shangazi, kwa mara ya kwanza tangu Kidoti azaliwe, hakuwa na la kusema.

"Mama, nitaifuta ile picha," Kidoti alisema. "Leo hii."

"Nani kakwambia ufute?" Mama alimgeukia, na macho yake yalikuwa mekundu na makali. "Mimi sikukasirika kwa sababu ya mapenzi. Mimi si mtoto. Nani hakuona unavyochoma nguo kwa pasi huku unatabasamu peke yako? Nimekasirika umechukua kiti cha mwanangu ukagawa, hukuniuliza. Halafu ukanitazama machoni ukaniambia mtu hayupo. Mtu anapumua! Nimekulea hivyo?"

"Hapana, mama."

"Picha ibaki. Lakini kwenye kile kiti utamrudisha kaka yako. Na wewe," akamrudia Kipanga, "kiti kile si chako."

"Nimeelewa, mama."

"Kitakuwaje chako na mwenyewe yupo? Ukija kwangu tutakutafutia kingine."

*Ukija.* Kidoti alilisikia lile neno, na Kipanga alilisikia. Walitazamana haraka, na wote wawili wakaangalia chini, wasije wakalivunja.

"Usinielewe vibaya," mama aliongeza. "Sijakupenda bado."

"Sawa, mama."

"Na kazi yako siipendi."

"Hata mimi kuna siku siipendi."

Shangazi akapata sauti yake. "Mimi nimempenda," alisema. "Lakini picha ilimpendelea pua."

*

Jumatatu asubuhi kituo cha mabasi kilijaa vumbi, makelele na watu wanaoaga kwa haraka. Walikuwa wamekubaliana: Kipanga ataenda, amalize jengo la huko, arudi. Kidoti atabaki achore, na likizo ikifika atapanda basi akamwone. Maneno yalikuwa mepesi walipoyasema. Sasa kila moja lilikuwa na uzito wa tofali.

"Utanisahau," alisema Kidoti.

"Nitakusahau kwa kichwa kipi? Hiki hiki?"

"Huko kuna wanawake wasio na rangi masikioni."

"Basi nitawajuaje kama ni wanawake?"

Kidoti alicheka huku analia. Alimshika mkono, kidole kwa kidole, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuachia. Utingo alikuwa ameshapiga ubavu wa basi mara mbili. Kidoti alijikuta anabadilisha mguu wa kusimamia, kulia, kushoto, kulia. Mwili wote ulitaka kukimbia, haukujua upande.

Ndipo akamwona mama yake akija kati ya mizigo ya watu, gauni la nyumbani, kitambaa kimekaa upande, amebeba kifurushi. Hakuwa amesema kama atakuja. Alimsukumia Kipanga kile kifurushi kifuani.

"Mkate na mayai. Usile vyote mwanzoni mwa safari, utaumwa."

"Asante sana, mama."

"Simu unayo?"

"Ninayo."

"Kila jioni ukishashuka kule juu, unapiga. Miguu ikigusa chini tu, unapiga."

"Nitampigia, mama. Nilishamwahidi."

"Sijasema umpigie yeye." Mama alikunja uso. "Yeye atalia tu, atakuambia mambo ya mapenzi. Unanipigia mimi."

Kipanga alimtazama mwanamke yule. Akataka kutania, akaghairi.

"Nitapiga, mama," alisema. "Miguu ikigusa chini."

Basi liliondoka. Kidoti alilikimbilia hatua kadhaa, kama wafanyavyo watu wote, halafu akasimama katikati ya moshi, mikono haina kazi.

*

Siku ya kwanza ya kazi kule mji mwingine, nyumba nzima haikutulia. Kidoti alirudi mapema kutoka karakanani, ameshona pazia moja nje ndani, mwenye karakana kamwambia aende akapumzike kabla hajaharibu la pili. Alijaribu kuchora. Alikoroga rangi, akaosha brashi, akakoroga tena. Baba aliwasha redio, akaizima. Mama alikuwa jikoni na simu aliiweka juu ya rafu, na kila baada ya muda alifuta mikono, akaitazama kama ina chaji, akairudisha.

Jua lilikuwa limeshainama. Saa za kawaida za mafundi kushuka zilipita.

"Labda hakuna mtandao," alisema baba.

"Hujaulizwa," alisema mama.

Kidoti aliingia jikoni, akatoka, akaingia tena. Alitaka kuipiga yeye ile namba, mama akamkatalia kwa kichwa: mtu akiwa juu asipigiwe, asije akashtuka. Basi wakangoja, mmoja upande huu wa meza, mmoja upande ule. Kidoti aliuona uso wa mama yake katika mwanga ule wa mwisho, akaelewa kitu ambacho hakuwa amekielewa miaka yote: kwamba mama alikuwa amengoja jioni kama hii kwa muda mrefu sana, jioni moja baada ya nyingine, akimngoja mtu asiyeweza tena kupiga.

Simu ikalia.

Mama aliidaka kabla haijalia mara ya pili. Vidole vilikuwa na maji, akabonyeza vibaya, akabonyeza tena.

"Haloo! Umeshuka?"

Kidoti hakusikia jibu. Aliona mabega ya mama yake yakishuka, polepole, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Mbona umechelewa? ... Upepo? Upepo gani? ... Aa. Wakawaambia msubiri. Vizuri. Vizuri sana, msubiri hata mpaka asubuhi. ... Ulijifunga? ... Haya. Umekula? ... Hicho si chakula, mwanangu."

Akajifuta macho kwa ncha ya gauni. Ndipo akamwona Kidoti amesimama pale, mkono nusu umenyooka. Mama alimtazama muda, kisha akairudia simu.

"Ngoja," alisema. "Ngoja nikupe mkeo."

Sebuleni baba alikohoa. Shangazi, aliyekuwa amepita tu kusalimia na hajaondoka tangu mchana, aliinua nyusi zote mbili. Lakini hakuna aliyemsahihisha mama. Naye mama, kama mtu ambaye hakusema lolote la ajabu, alimkabidhi binti yake simu, akageukia sufuria yake.